Kadi Yake, Namba Yake ya Siri: Tuliyojifunza Tukifuatana na Wanawake Viziwi wa Malindi na Lamu

Kazi si shida ya wanawake viziwi wa huku kwetu. Lamu wapo wanaoshona kofia za vito zinazovaliwa siku za Idi na kwenye maulidi. Malindi wapo mafundi wa cherehani, wasusi, wapaka piko, wapishi wa mahamri na viazi karai ambao majirani hawanunui kwa mwingine. Shida huanza pale kazi inapogeuka kuwa pesa, au haki, au dawa, kwa sababu pale ndipo hujitokeza mtu wa kumsemea.

Msemaji huyo mara nyingi ni mtu mwema: mama mzazi, kaka, mume, jirani. Lakini anayekusemea leo kwa daktari, kesho anakuwekea sahihi, na kesho kutwa yeye ndiye anayeijua namba yako ya siri. Haya tunayoyaeleza, tangu kutafuta kadi ya ulemavu hadi kufika kwa kadhi, tumeyapitia pamoja na wanawake hawa kwa miaka sasa. Kila hatua iliyokwama ilikwama kwa jambo moja: kitu chake kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Kadi kwanza, na jina liwe lake

Atakayetuuliza aanzie wapi, tutamwambia aanze na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo ndilo linalotoa kadi ya ulemavu. Bila usajili huo hakuna msamaha wa kodi ya mapato kwa KSh 150,000 za kwanza za kila mwezi, hakuna kuomba msaada wa hazina ya baraza, na hakuna kuingia zabuni za serikali kwa fungu la watu wenye ulemavu. Usajili wenyewe hautozwi. Kinachokula pesa ni nauli na siku za kazi zinazopotea.

Kabla ya kwenda hospitali kupimwa masikio, tazameni karatasi. Kiziwi hakutaja jina lake mwenyewe siku alipoandikishwa, alitajiwa. Ndiyo maana mtu mmoja huwa Mwanaisha kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwana Isha kwenye kitambulisho na Aisha kwenye kadi ya kliniki. Khadija amekuwa Hadija, na jina la babu limeandikwa Saleh huku, Swaleh kule. Anayesikia husimama dirishani akajieleza, yakaisha. Kiziwi huulizwa, asijue ameulizwa nini, faili likarudi. Ziwekeni karatasi zote pamoja mezani, mzilinganishe herufi kwa herufi, na jina lirekebishwe kabla ya kwenda kupimwa.

Kipimo hufanywa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Ulizeni kwanza mtaalamu wa masikio yupo siku gani, maana hapatikani kila siku, na anayetoka Faza au Kizingitini akimkosa amepoteza nauli ya boti kwenda na kurudi. Masikio yaangaliwe nta mapema. Nta ikiziba, kipimo hakisomeki na utaambiwa urudi.

Halafu lipo kosa ambalo wengi hawalijui. Katika chumba cha kupimia, mwanamke huvaa vipokea sauti na kuambiwa ainue mkono kila anaposikia mlio. Asipoelezwa kwa ishara, yeye hutazama mkono wa mpimaji. Mpimaji akibonyeza kitufe, naye huinua mkono, kwa adabu tu, akidhani ndivyo anavyotakiwa. Mchoro wa kipimo unatoka ukionyesha kwamba anasikia. Kwa hiyo mkalimani aingie naye, amweleze kwa mfano kabla vipokea sauti havijavaliwa, na kiti kigeuzwe asiuone mkono wa mpimaji. Mchoro husomwa kwa desibeli, kipimo cha ukali wa sauti: kiwango anachoanza kusikia kikiwa zaidi ya 80 katika sikio lililo afadhali, huo ni uziwi mkubwa kabisa. Ombeni nakala ya mchoro wenyewe pamoja na fomu. Fomu ikipotea ofisini, na hupotea, mchoro unaokoa safari ya pili.

Maombi ya usajili siku hizi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na hapo ndipo mtego wa kwanza. Kijana wa saiba anauliza namba ya simu, kaka mtu anatoa yake. Tangu siku ile kila ujumbe wa uthibitisho unamwendea kaka. Akisafiri, akibadilisha laini, au wakigombana, akaunti imefungwa. Namba iwe ya mwenyewe. Kama hana, anunue laini kwanza.

Simu

Laini isajiliwe kwa kitambulisho chake, hata kama simu amepewa zawadi na mume. Kwa Safaricom, *106# huonyesha ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na si mara moja imeonekana laini ambayo mwenyewe haijui.

Namba ya siri ya M-Pesa afundishwe peke yake, faragha, na kiziwi mwenzake anayeitumia kila siku. Akifundishwa na ndugu, ndugu ameshaijua. Afanye mazoezi kwa kujitumia muda wa maongezi wa shilingi chache hadi vidole vizoee, tena asome jina la mpokeaji linalotokea kabla ya kuthibitisha. Wakala naye aelezwe mapema kwamba huyu hapigiwi simu: anayetaka kumhakiki amwandikie. Na pesa zisihesabiwe mdomoni. Wakala aziweke noti mezani moja moja, aandike jumla kwenye kikokotoo, amwonyeshe.

Kwa mazungumzo, simu ya video ndiyo simu yake. Inakula bando kuliko sauti, na gharama hiyo haikwepeki. Vikundi vyenye busara huitenga kwenye mchango wa mwezi. Mwanga uwe mbele ya uso. Anayekaa mgongo dirishani huonekana kivuli kitupu. Buibui jeusi nyuma ya mikono huzionyesha ishara vizuri kuliko kanga yenye maua makubwa.

Mkalimani ni wa nani?

Hapa tutakaa kidogo, maana yote yaliyobaki yanategemea mkalimani.

Wapo wanaodhani kalamu na karatasi zinatosha. Kwa wengi hazitoshi. Mwanafunzi kiziwi nchini hufanya mtihani wa Lugha Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili, kwa hiyo aliyesoma Kibarani kule Kilifi au shule nyingine ya viziwi huenda akaandika Kiingereza kidogo, tena kwa mpangilio wa ishara, na Kiswahili kikampita. Muuguzi akisoma sentensi ile anamwona hana akili. Na yule ambaye hakupelekwa shule kabisa, na hao ni wengi miongoni mwa wanawake wa makamo, kwa sababu nyumba iliyokuwa na ada ya mtoto mmoja haikumchagua binti kiziwi, hana maandishi wala hana Lugha Ishara ya Kenya. Anazo ishara za nyumbani alizotunga na mama yake na dada zake. Huyo hatosheki na mkalimani mmoja. Anahitajika kiziwi mwenzake aliyezoea ishara za nyumbani, azigeuze kuwa Lugha Ishara ya Kenya, kisha mkalimani anayesikia azitie sauti. Muda huwa mara mbili au zaidi. Daktari aambiwe mapema, asije akachungulia saa.

Awe mwanamke. Hili si suala la heshima peke yake. Lugha ya ishara haikai mikononi tu: nyusi hubeba swali, mdomo na mashavu hubeba kiasi, kichwa hubeba ukanushaji. Mwanamke aliyevaa nikabu mbele ya mkalimani mwanamume amefunikwa nusu ya sentensi zake, na aibu haimruhusu kufunua. Mpe mkalimani mwanamke na chumba kisicho na wanaume, atasema yote. Tumeona mtu yule yule aliyejibu "ndiyo" kwa kila swali asubuhi, akageuka mzungumzaji hodari mchana, kwa sababu tu kaka mtu alikwenda msikitini.

Msimtumie mtoto. Viziwi wengi huzaa watoto wanaosikia, na mtoto wa miaka minane anayejua ishara ni rahisi kumwita. Lakini hawezi kumtafsiria mama yake habari za kutokwa damu, wala za deni. Atapunguza, au atanyamaza. Mume naye asiwe mkalimani katika jambo linalomhusu mume.

Gharama: mkalimani aliyefunzwa hulipwa kwa siku, na kwa Lamu huongezwa nauli ya barabara hadi Mokowe, boti, chakula na pa kulala, maana anayetoka Mombasa hawezi kwenda na kurudi kutwa. Mkutano mrefu hutaka wawili wanaopokezana kila dakika 20 au 30. Baada ya hapo aliyechoka huanza kuacha maneno njiani, na wa kwanza kudhurika ni yule asiyeweza kujua kilichoachwa. Bei ikiwashinda, kusanyeni mambo ya watu kadhaa siku moja: kliniki asubuhi, ofisi ya ustawi wa jamii adhuhuri, benki baadaye. Kubanana huko hakufai kwa kesi ya mahakamani.

Kukaa kwao kuna utaratibu. Mkalimani husimama au hukaa kando ya anayezungumza, mwanamke akiwakabili wote wawili. Anayezungumza humtazama mwanamke, si mkalimani, na husema "unaumwa wapi?" wala si "muulize anaumwa wapi." Na yule mama anayekatiza, "Huyu hajui kitu mwanangu, niulize mimi," aombwe kwa upole asubiri nje. Mpeni kiti na chai. Amembeba mtoto huyu miaka thelathini, kumfukuza ni dhambi.

Wilma Newhoudt-Druchen, mwanamke kiziwi, aliingia Bunge la Afrika Kusini mwaka 1999, akawa anachangia kwa ishara huku mkalimani akimtolea sauti. Hakuna aliyechanganya nani mbunge na nani mkalimani. Liisa Kauppinen wa Ufini, kiziwi aliyewahi kuwa rais wa Shirikisho la Viziwi Duniani, alipokea tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2013; alipigania lugha za ishara zitajwe katika Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008. Kwetu, Katiba ya 2010 imeifanya Lugha Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tunapoomba mkalimani Malindi au Lamu hatuombi fadhila ya mtu. Hilo lisemwe kwa adabu, lakini lisemwe.

Siku ya kujifungua

Kliniki ya wajawazito humsumbua kiziwi kwa jambo dogo: majina huitwa kwa sauti. Atakaa tangu asubuhi, aliyekuja baada yake aingie mbele yake. Aombe kukaa mkabala na mlango wa muuguzi, amwonyeshe kadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa "Mimi ni kiziwi, niguse begani," na maneno hayo yabandikwe pia juu ya faili. Ajaribu kuonwa na muuguzi yule yule kila hudhurio. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane, na manane yanatosha kabisa wawili kuzoeana.

Ishara za leba zikubaliwe kabla, mwezi wa nane wa mimba hivi, siyo siku yenyewe. Tatu zinatosha: ngumi iliyokazwa ni sukuma, kiganja wazi ni ngoja, kidole kikizungushwa mbele ya mdomo ni pumua. Barakoa humnyima midomo ya muuguzi, kwa hiyo atakayetoa ishara asimame usawa wa kichwa, pale macho yanapofika bila kuinua shingo. Stima ikikatika, tochi imulike mikono na uso wa muuguzi. Wengi humulika macho ya mama, naye haoni kitu.

Dripu! Isiwekwe kwenye mkono anaoutumia zaidi kuashiria, wala isifungwe kifundoni ikazuia vidole. Ukizifunga bandeji na mipira mikono yote miwili, umemziba mdomo. Muuguzi akiambiwa hivi mara moja huelewa, ila lazima aambiwe, kwa kuwa hakuna kitu katika faili kinachomkumbusha.

Pakihitajika upasuaji, karatasi ya ridhaa ni ya mwanamke. Itafsiriwe kwake neno kwa neno, na zaidi ya yote ile ya kufunga kizazi. Zipo familia zinazoona kiziwi hafai kuzaa tena, na mama mkwe huwa na kalamu karibu. Mwanamke mwenye fahamu zake asisainiwe na mtu.

Bima itayarishwe mapema. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, badala ya bima ya zamani ya NHIF: usajili kwa *147#, na kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni KSh 300 kwa mwezi, zinazolipwa kwa mwaka mzima, yaani KSh 3,600. Atakayengoja uchungu ndipo ajisajili, atalipa mfukoni.

Nyumbani, swali la kila mtu ni moja: atasikiaje mtoto akilia? Akina mama hawa hulala mtoto akigusana na mwili wa mama, na simu huwekwa mtetemo chini ya mto itikisike kila baada ya saa mbili au tatu, kwa sababu mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, analia asilie. Watoto wa akina mama hawa hunyonyeshwa kwa wakati kuliko wa wengi wetu.

Kofia, sare na arbuni

Tuje kwenye pesa. Kofia ya vito ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni, na matundu yake yote hushonwa kwa sindano ya mkono kufuata nakshi iliyochorwa kwanza kwenye kitambaa. Nzuri huchukua wiki nyingi. Mshonaji anayeuza kupitia ndugu huambiwa bei moja, mchuuzi akatoa nyingine, na tofauti ikabaki njiani. Dawa yake ni daftari. Kila kofia ipewe namba, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, gharama ya kitambaa na uzi, na bei iliyolipwa, tena picha yake ibaki kwenye simu. Tuseme kofia imechukua wiki sita ikauzwa KSh 3,000: hiyo ni KSh 500 kwa wiki kabla ya kutoa uzi. Mwanamke akiiona hesabu hiyo kwa tarakimu zake mwenyewe, hahitaji semina ya kumfundisha kupandisha bei.

Kwa mafundi wa Malindi mambo ni mengine. Mteja huingia, akabisha hodi, asijibiwe, akaondoka akidhani amedharauliwa. Kioo kilichotundikwa mbele ya cherehani kikitazama mlango kinamaliza tatizo hilo. Kitabu cha picha za mishono, kila picha na bei chini yake, humaliza nusu ya maelezo. Vipimo huandikwa mteja akitazama, na arbuni huandikwa pamoja na tarehe ya kuchukua, sahihi mbili. Fundi kiziwi asiye na maandishi hayo hupoteza kila ubishi, kwa kuwa mteja ndiye mwenye sauti.

Kikundi kikifikia watu kumi kinaweza kusajiliwa kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, na hapo milango kama Uwezo Fund, mfuko wa serikali ambao mkopo wake hauna riba, hufunguka. Ukitaka zabuni za serikali zilizotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu (asilimia 30 ya manunuzi, na angalau 2 kati ya hizo kwa watu wenye ulemavu), tazama kanuni ya umiliki: asilimia 70 ya wanachama wawe wa kundi husika na uongozi wawe wao wote, 100. Vikundi vimekataliwa kwa sababu katibu ni yule binti anayesikia "anayetusaidia kuongea." Asaidie, alipwe hata posho, lakini asiwe katibu wala asiwe mtia sahihi benki.

Vikao vyao vinahitaji duara, ili kila mtu aione mikono ya kila mtu, na mwanga. Kikao kikipita magharibi kwenye ua lisilo na taa, kimekwisha. Anayetaka kuzungumza hupunga leso. Mmoja huashiria kwa wakati, wengine husubiri. Kumbukumbu huandikwa na pia hurekodiwa kwa video fupi ya maamuzi, ili wasiosoma wayakague. Mgogoro wa pesa tuliouona ukitatuliwa haraka kuliko yote ulitatuliwa kwa video ya namna hiyo.

Na mahali pa kikao pachaguliwe vizuri. Katika vichochoro vya Mkomani, Lamu, mwenye punda hupiga ukelele wa simile, akidhani amemwonya kila mtu. Kiziwi huponea ukutani. Malindi ni bodaboda, na hao hata simile hawasemi.

Polisi, mahakama, kadhi

Tunaandika hili kwa uzito. Mwanamke kiziwi akidhulumiwa kimwili, mdhalimu hutegemea kwamba hatasema. Namba ya bure ya 1195, ya msaada kwa wanaodhulumiwa kijinsia, ni ya kupiga kwa sauti. Kwa hiyo awe na ujumbe ulioandikwa tayari kwenye simu, wenye jina lake na mahali anapoishi, wa kutuma kwa watu wawili anaowaamini, na mmoja wao awe anajua ishara. Asioge, asifue. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya khaki, si wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Hospitali inaweza kuwa ya kwanza kabla ya polisi: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28, za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na mapema ndiyo bora. Fomu ya huduma baada ya kubakwa hujazwa pale. P3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha, ni bure. Anayedai pesa anakosea.

Maelezo ya polisi yasichukuliwe kupitia ndugu, hata kwa haraka. Ndugu hufupisha, na wakili wa mshtakiwa atakuja kuyapigia hesabu yale yaliyofupishwa. Ikibidi kungoja mkalimani hadi kesho, matibabu yaendelee na maelezo yangoje. Kabla ya siku ya kesi, mwendesha mashtaka na karani waarifiwe kwa maandishi kwamba shahidi ni kiziwi na anatumia ishara zipi. Wakijulishwa asubuhi ile ile, kesi huahirishwa, na shahidi aliyetoka Pate amelala Lamu bure.

Ndoa haina uzito mdogo kuliko kesi. Huku kwetu walii husema, bwana harusi hujibu, na bibi harusi huulizwa ridhaa yake ndani. Kiziwi huulizwa na nani? Fiqhi haina utata hapa: ishara inayofahamika ya asiyeweza kusema ina nguvu ya kauli ya ulimi. Lakini mara nyingi anayeuliza ni shangazi, na anayeleta jibu ukumbini ni shangazi huyo huyo, na kunyamaza kwake kunahesabiwa haya. Kunyamaza kwa kiziwi si jibu. Aulizwe kwa ishara na mwanamke asiye wa upande wowote, mbele ya mashahidi wanaoziona ishara zake, aonyeshwe picha ya mume kama hajamwona, aambiwe kama ni ukewenza na atakaa mji gani. Mahari aandikiwe kwa tarakimu kwenye karatasi, pamoja na kilicholipwa na kilichobaki, na nakala ya hati ya ndoa apewe yeye, si baba wala si mume, siku ile ile.